Kabichi za Mama Saidi Zasubiri Jua la Ibaba

Saa moja na robo asubuhi, na Mwanakombo Zahoro, Mama Saidi, ameketi juu ya debe lililopinduliwa, mikono kwapani, akiitazama bustani yake bila kuigusa. Nyasi zote za kando ya njia ni nyeupe. Ukizikanyaga, zinalia kama ganda la yai. Ndoo ya maji iko miguuni pake, na juu ya maji umetanda utando wa barafu, mwembamba kama chimni ya taa.

Mbele yake zimejipanga kabichi themanini na tatu. Kila moja ina weupe juu yake, mfano wa unga uliopepetwa. Kama ziko hai au zimekufa, hajui.

"Usiguse!" anamkumbusha jirani yake, Bibi Sekela, kutoka upande wa pili wa ua, akijikaza ndani ya blanketi lake. "Jani lililoganda ukilishika, vidole vyako ndivyo vinavyoliua. Subiri jua."

"Nasubiri, bibi. Lakini kamati inakuja saa nne."

"Kamati ina miguu yake, na jua lina miguu yake. Kaa hapo."

Kamati yenyewe ni ya kijiji cha ujamaa. Kipande hiki cha ardhi, hatua arobaini kwa ishirini, kiko chini ya shule ya msingi ambako Mwanakombo ni mpishi. Alikiomba mwaka jana, 1975, alipochoka kuwapakulia watoto mia moja na themanini ugali kwa maharage tangu Jumatatu hadi Ijumaa.

"Hata maharage yenyewe yalikuwa yamechoka kuniona," anasema. "Nikasema, hawa watoto lazima wapate jani la kijani."

Wajumbe walitaka kupanda pareto hapo. Wakampa msimu mmoja ajaribu. Ulipoharibika, aliwaomba sana, wakamwongezea mwingine, wa mwisho. Huo ndio unaoisha leo. Kabichi zikiwa zimekufa, kesho jembe la pareto linaingia.

Mwanakombo, mwenye umri wa miaka arobaini na moja, ni mzaliwa wa Pangani. Alipanda huku Ibaba, milimani, miaka miwili iliyopita akimfuata mumewe, Yahaya, mganga wa zahanati. Pamoja na masufuria na mkeka, alibeba mbegu za mchicha na bamia alizopewa na mama yake, zimefungwa kwenye pindo la kanga.

"Nilidhani udongo ni udongo tu," anasema, akitikisa kichwa.

Mchicha ulitoka, ukafika urefu wa kidole, ukagoma. Bamia zilitoa majani mawili mawili, yakageuka manjano, zikajifia kimya kimya. Bwana shamba alipopita akamwonea huruma, akampa miche sitini ya kabichi. Ulikuwa mwezi wa Juni.

Aliitunza kama alivyofundishwa utotoni: kumwagilia jioni, jua likishazama, ili udongo unywe taratibu mpaka kuche. Kwao, ukimwagilia asubuhi, jua linakunywa maji kabla ya mche. Kwa hiyo kila jioni alishuka na ndoo mbili, akailowesha miche mpaka majani yakachuruzika.

Siku ya tisa ikaanguka baridi kali. Asubuhi miche iling'aa kama bilauri. Ilipofika saa sita ilikuwa imelegea, myeusi, utadhani imetokoswa. Hamsini na saba ilikufa.

Mwenyekiti wa kijiji, Asajile, alisimama njiani, mikono nyuma. "Kweli mpishi wetu ni hodari," alisema. "Wenzake hupikia jikoni. Yeye mboga zinaivia shambani!"

Watu walicheka, na Mwanakombo akacheka nao. Kisha akaingia jikoni, akapuliza moto usiohitaji kupulizwa, ili machozi yake yasingiziwe moshi.

Jioni ile Bibi Sekela alikuja na kikapu cha samadi ya zamani, iliyooza hadi ikawa kama unga wa kahawa. Alikiweka chini, akaikagua ile miche iliyokufa.

"Mama Saidi," aliuliza, "Saidi alipokuwa mdogo, ulikuwa unamwogesha jioni, halafu unamlaza nje hujamfuta?"

"Hapana, bibi."

"Basi hawa walikukosea nini?"

Tangu siku hiyo Mwanakombo alianza upya, kama mtoto wa darasa la kwanza. Alihamisha matuta kutoka bondeni kando ya kijito, kwa kuwa baridi hushuka na kulala chini kama maji, akayapandisha hatua ishirini mtelemkoni. Mbegu alizisia mwezi wa pili badala ya kungoja Juni, ili baridi ikija izikute kabichi zimeshakomaa. Miche midogo aliifunika nyasi kavu jioni, akaifunua asubuhi. Maji alimwagilia saa nne asubuhi, kwenye shina, jua likiwa limeshapasha udongo, ili hadi jioni majani yawe makavu. Jivu la jikoni alilimwaga pembeni kuwazuia konokono.

Lakini baridi ya usiku wa jana imepita zote. Hata Bibi Sekela amekiri hajaiona kama hiyo tangu mjukuu wake abatizwe.

Saa mbili na nusu jua linafika tuta la kwanza. Weupe unageuka matone, matone yanateremka. Mwanakombo haondoki kwenye debe mpaka tuta la mwisho lipigwe na jua.

"Sasa," anasema bibi.

Mwanakombo anapiga magoti, anaibana kabichi ya kwanza kwa viganja viwili. Ngumu kama jiwe. Ya pili, ngumu. Majani ya nje yamejikunja kidogo, basi.

"Alhamdulillahi," ananong'ona. "Bibi, ziko hai!"

"Ndaga, Mungu wetu," anashukuru bibi kwa Kindali. "Kata moja uonje. Kabichi iliyopigwa baridi ikapona huwa tamu. Sikukwambia, ungedhani nakufariji tu."

Saa nne wajumbe watano wanafika. Mwenyekiti Asajile anapewa jani bichi. Analitafuna, anaomba la pili, anaomba la tatu.

"Mwaka jana zilikuivia shambani," anasema. "Mwaka huu unatulisha mbichi. Wewe mama, jikoni utaingia lini?"

"Leo hii, Ndugu Mwenyekiti. Watoto wako wanasubiri."

Wajumbe hawakai hata robo saa. Bustani itabaki ya shule. Pareto itatafutiwa mahali kule juu. Wakishaondoka, Mwanakombo anarudi kuketi kwenye debe. Anacheka peke yake, mkono kifuani.

Kisha anafungua pindo la kanga. Ndani mna mbegu saba za bamia, za mwisho. Nyuma ya jiko la shule kuna ukuta wa matofali ambao moto huupasha tangu asubuhi hadi jioni. Amekwishaweka kopo lenye udongo hapo. Mwezi wa kumi, baridi ikiisha, atajaribu tena.

"Ile mboga yako yenye makamasi?" anauliza Bibi Sekela, akikunja uso.

"Hiyo hiyo, bibi. Na wa kwanza kuionja ni wewe."

"Haya," anajibu bibi, akiokota ndoo. "Lakini maji uyamwage asubuhi."