Maduka Mawili, Fomu Mbili, na Marehemu Mdogo Wangu

Niliaibika mbele ya ukumbi mzima, na mimi si mtu wa kuaibika ovyo: niliingia Johannesburg na mkasi mmoja tu, nikafungua duka la ushonaji Troyeville, na mdogo wangu Faustin akafungua saluni pembeni yangu. Alipokufa, mwaka 2015, nikaendelea kuisimamia ile saluni kwa jina lake (kulibadilisha kungenilazimu kusema kwamba hayupo, na hilo sikuliweza).

Ikaja habari ya kodi ya mapato. Shule nimesoma miaka mitatu, lakini hesabu yangu niliiona safi: maduka mawili, watu wawili, fomu mbili. Moja nikasaini mimi, ya pili nikamsainia Faustin, mwaka wa kwanza, mwaka wa pili, mpaka mimi na Faustin tukaitwa ofisi ya kodi, Marshalltown, nikaenda na mjane wake, Mama Neema, ndiye anayesuka pale saluni, anitafsirie Kiingereza.

Wakaita jina langu, nikasimama. Sijafika dirishani, wakaita la Faustin, na mimi huyohuyo nikainua mkono: "Niko!"

Mkongomani mmoja nyuma yangu akapaza sauti, "Eish, Papa, leo mmekuja pacha ndani ya koti moja?" Watu wakacheka, hata mlinzi.

Karani hakucheka. Akauliza Faustin yuko wapi.

"Mwambie amesafiri," nikamwambia Mama Neema.

Akatazama sakafu.

"Tafsiri, basi!"

"Hiyo siitafsiri, shemeji." Machozi yalikuwa yanamtoka. "Miaka miwili unamsafirisha mume wangu. Sema mwenyewe."

Nikasema, kwa Kiingereza changu kibovu, mara ya kwanza tangu tumzike, kwamba mdogo wangu amekufa. Kicheko kikakatika.

Karani akaeleza kwamba mwenye biashara mbili hajazi fomu mbili, mapato yote yanaungana kwenye fomu moja, ya mtu aliye hai, kisha akauliza: saluni sasa ni ya nani? Nikafungua mdomo kusema yangu. Mama Neema akanitangulia.

"Ni yangu."

Nikatazama vidole vyake, vimepinda kwa kusuka, nikaona haya zaidi kuliko nilipochekwa. Sikubisha.

Sasa anajaza fomu yake, mimi yangu. Ukiniuliza habari za Faustin nakujibu palepale kwamba amekufa, ulimi unauma lakini nasema, na kumsainia tena, au kumsemea mjane wake, sitarudia.