Usukani Uliojizungusha Machimboni Msambweni

Nilitoka Mombasa kwa sababu ya barua ya mkandarasi mmoja aliyekuwa akichimba mawe ya barabara kusini ya Msambweni. Ulikuwa mwaka wa pili tangu bendera kubadilika, na kila mtu alikuwa akitaka barabara. Barua ilisema kwamba mtambo wa kupakia mawe, mkuukuu, wa magurudumu manne, umemuua kibarua wake wa kupaka grisi, na dereva anashikilia kuwa usukani ulijizungusha wenyewe. Nije niseme kosa ni la mtambo au la mtu. Likiwa la mtu, dereva atakabidhiwa polisi Jumatatu. Nilicheka, Mungu anisamehe. Habari za majini na mapepo huwa zinanichefua, na katika miaka yangu yote ya kushika spana sijapata kuona usukani uendao bila mkono.

Alhamisi asubuhi nilivuka feri ya Likoni na sanduku langu la vyombo, nikapata nafasi katika lori la saruji. Dereva wake alikuwa mtu wa maneno mengi. Mpaka tunapita Ukunda nilikuwa nimeshajua habari za wakeze wote wawili. Nilipomtajia machimbo niendako, akakaza macho barabarani. Aliniteremsha njia panda, akakataa katakata kuingia ndani. Sanduku nikalitwika mwenyewe, huku nikimtukana kimoyomoyo.

Saa sita mchana nilifika. Machimbo yenyewe ni shimo pana la mawe ya matumbawe, meupe mno hata macho yanauma. Wafanyakazi walikuwa wameketi ukingoni, wote upande mmoja. Mtambo ulikuwa chini peke yake. Nilisimama nikasikiliza, nisisikie hata ndege.

Aliyeshuka kunilaki alikuwa Bakari, dereva mwenyewe, mtu wa makamo, mzaliwa wa Mkwiro. Tuliamkiana, tukaulizana hali kama desturi, kisha akanieleza bila kuzunguka. Marehemu Saidi alikuwa shemeji yake, mume wa dada yake Mwanasiti. Siku ile mtambo ulikuwa umesimama, injini inanguruma, na Saidi alikuwa ameinama nyuma, upande wa kushoto, akipaka grisi. Mitambo ya aina ile hukata kona kwa magurudumu ya nyuma. Usukani ukazunguka kushoto, gurudumu likageuka, likambana Saidi kwenye ubavu wa chuma. Bakari aliapa kwamba mikono yake ilikuwa mapajani. Watu hawakumsadiki, na dada yake tangu maziko alikuwa hajamsemesha.

Nikamwambia akae mbali, nikapanda mwenyewe. Niliwasha injini, nikaunyoosha usukani, nikauachia. Kwa muda hapakuwa na kitu. Nilikuwa nimeshaanza kutabasamu ulipotikisika kidogo, ukatulia, kisha ukaanza kuzunguka kushoto polepole, bila haraka yoyote, mpaka mwisho wake. Nikaurudisha. Ukaenda tena kushoto. Siogopi kusema kwamba nilizima injini nikateremka upesi. Kule ukingoni hakuna aliyenicheka.

Alasiri nilijikaza, nikaanza kazi kwa mpango. Upepo wa magurudumu ulikuwa sawa. Nikainua nyuma kwa jeki, nikayasukuma magurudumu kwa mkono injini ikiwa imezimwa: yalikwenda laini, viungo havikuwa vimelegea. Basi kosa halikuwa huko chini. Lilibaki kwenye mafuta yanayousukuma usukani, na kwenye valvu, kile kifaa kinachoyagawa mafuta kulia au kushoto kwa kadiri unavyouzungusha usukani. Ndani yake mna kijiti cha chuma kinachoteleza. Kikikwama pembeni, mafuta husukuma upande mmoja tu, na usukani hujiendea. Nilipolifikiri hilo moyo ulitulia, nikajiona fundi tena.

Nikafungua nati ya chini ya tangi la mafuta hayo. Kwa kuwa maji ni mazito kuliko mafuta, yakiwemo ndiyo hutangulia kutoka. Yalitangulia. Yalikuwa ya manjano, na yalinukia marashi.

Nilimtazama Bakari. Alikuwa amechuchumaa, ameshika kichwa.

"Ni kombe," akasema. "Saidi alilitia yeye. Mimi nilimshikia kifuniko."

Usukani ulikuwa umekuwa mzito kwa kupungukiwa mafuta, jambo la kawaida kabisa. Wao wakaona pana jini. Wakaandikiwa aya za Kurani kwa zafarani kwenye sahani, zikasuuzwa kwa maji na marashi, na maji yale ya kombe, ambayo mgonjwa angeyanywa, Saidi akayamimina tangini. Kijiti cha valvu kikaanza kuota kutu. Usukani ukazidi ukorofi, naye Saidi akazidisha dawa, chupa kila Ijumaa, hata Ijumaa ya mwisho.

Ijumaa asubuhi niliifungua valvu, nikakuta kutu kama nilivyotarajia, nikaisugua, nikaosha tangi na mabomba, nikatia mafuta mapya. Usukani ukatulia. Jambo moja tu lilinisumbua: kutu ilikuwa sawasawa pande zote mbili. Kwa nini siku zote ulikwenda kushoto, alikokuwa Saidi, mpaka leo sijui.

Nilipotoa karatasi niandike, Bakari aliniomba nisilitaje kombe. Mwanasiti asijue kwamba mumewe aliuawa na dawa yake mwenyewe. Nikamwambia ripoti lazima iseme maji yametoka wapi. Nikisema ni mvua, basi kifuniko kiliachwa wazi, na kifuniko ni jukumu la dereva. Jela ataepuka, lakini kazi hana tena.

"Andika mvua," akasema.

Nikaandika mvua. Mkandarasi alisoma, akamfuta kazi papo hapo.

Baada ya swala ya Ijumaa nilikwenda kutoa pole, maana singeweza kuondoka bila kupita msibani. Mwanasiti alikuwa edani, hatoki, haonekani na wanaume wa kando. Niliketi barazani pamoja na Bakari, nikatoa pole yangu kuelekea pazia la mlango. Sauti yake ikaitikia kwa adabu.

"Fundi," akasema, "nimeambiwa umetoa maji mle. Yalikuwa na rangi gani?"

Bakari aliinamisha uso.

"Meupe, dada. Maji ya mvua."

"Una hakika?"

"Nina hakika."

Pazia likatikisika kidogo, na sauti ikatoka chini zaidi, kama ameketi sakafuni.

"Mimi ndiye niliyekuwa nikiisuuza ile sahani. Mume wangu alikuwa hataki. Nilimlazimisha."

Kisha akamwita kaka yake kwa jina, na Bakari akainuka akaingia ndani.

Jumamosi nilivuka feri kurudi nyumbani. Nilikwenda Msambweni kumtafuta mwenye kosa, nikampata, na nilijifunza kwamba naweza kusema uongo mbele ya mjane bila sauti kutetemeka. Ningeulizwa tena leo, ningejibu vilevile.