Mukaba Mweusi wa Gare

Fundi mwenye kupaka nyumba yangu hapa Beni amefungua kopo ya rangi, na ile harufu ya mafuta imenirudisha Butembo, mu jiko ya mama.

Mama alikuwa anauzisha bintu bya balo, mitumba ya kutoka Ulaya. Siku moja alitosha mu balo karton yenye bipande bya plastiki, bya kujenga gare, kituo kidogo ya treni ya kuchezea. Treni yenyewe haikukuwamo, na ku Butembo hapana hata njia yake. Mais yaya, dada yangu mukubwa, alisema gare itasimama. Manjanja, bati ya kufunika juu, ilikosekana. Akaikata mu mukebe ya tomate, chuma ikamukata kidole, akakinyonya na akaendelea.

Ku picha ya karton, gare ilikuwa nyeupe mpaka chini. Yaya akachovya pinceau mu kopo ya rangi nyeusi ya mafuta, akazungusha mukaba, kama mukanda munene, chini ya bibambazi byote.

«Yaya, unaharibisha! Ku picha haiko vile.»

«Benye kupiga ile picha habajue matope ya huku.»

«Mais gare iko ndani ya nyumba!»

«Basi tuende nayo inje.»

Akaiweka pembeni ya nyumba, fasi maji ya mvua inaangukiaka. Mvua ikapiga mpaka mangaribi. Matope nyekundu iliruka, ikachafua mukaba tu. Juu kukabakia nyeupe pe.

Sasa, hapa Beni, fundi ananiambia: «Mama, manyumba ya siku hizi banapakaka nyeupe mpaka chini.»

Nimemunyanganya pinceau, nimepiga magoti.

«Leta nyeusi.»