Magoti ya Wifi Yangu Mbuke

Msiniangalie hivyo. Mmeniuliza habari za wifi yangu Mbuke, mke wa kaka yangu Nkwabi, nami nitawaambia. Anayetaka kunichukia anichukie nikishamaliza.

Mbuke aliolewa kwetu, kijiji cha nje kidogo ya Shinyanga, na kwa miaka zaidi ya ishirini alifanyishwa kazi kama punda. Alisaga mtama kwenye jiwe huku amepiga magoti. Alilima pamba. Alibeba debe la maji kichwani kutoka mtoni, ambako kiangazi tunachimba mchanga mpaka maji yatoke. Alizaa watano, akazika wanne. Akabaki na Nyamizi, binti wa miaka minane, na alimpenda mtoto yule mpaka tukawa tunamcheka. Kaka yangu yeye alikuwa mgodini huko Geita, nyumbani anakuja mara moja kwa mwaka.

Mwaka wa hamsini na mbili magoti ya Mbuke yakaharibika. Asubuhi yalikuwa yamekaza, hayakunjiki. Akichuchumaa unayasikia yanakwaruza. Mama yangu, Mageni, akasema ni uvivu tu. Mimi ndiye niliyempeleka zahanati mjini, kwa sababu Mbuke alijua Kisukuma peke yake, na mimi Kiswahili nilikipata misheni. Dresa, yule mtoa dawa wa pale, bwana mmoja mpole aitwaye Valerian, akayaminya yale magoti, akayakunja na kuyakunjua, kisha akasema, nami nikamtafsiria Mbuke neno kwa neno:

"Hujarogwa, mama. Kati ya mfupa na mfupa kuna kitu laini, na chako kimelika kama soli ya kiatu. Hakirudi tena. Lakini unaweza kuishi nayo hali hii. Usikae kitandani, magoti yatazidi kukaza. Tembea kidogo kidogo, upumzike kabla maumivu hayajapanda. Jioni jikande kwa kitambaa cha maji ya moto. Fimbo ishike kwa mkono ulio upande wa mguu wenye nafuu. Mizigo mizito acha. Na usipige magoti tena, si kwa kusaga, si kwa kusalimia."

Mbuke alifuata yote. Alijenga jukwaa la udongo, akaliweka jiwe juu yake, akawa anasaga amesimama. Jioni alijikanda. Miezi haikupita mingi akawa anakwenda shambani na kurudi, pole pole, na nyimbo zake zikarudi. Ila lile debe la maji sasa likawa langu. Mimi nilikuwa nimeachika, nikarudi kwetu nikidhani narudi kupumzika. Aka! Safari tatu kwa siku, shingo inaingia mabegani, na nikifika namkuta mwenzangu kwenye jiwe lake anaimba. Nilimchukia. Sina neno jingine la kusema hapo.

Lakini lililomchoma mama ni kusalimiwa. Kwetu mwanamke hamsalimii mkwewe akiwa wima. Hupiga magoti, na hainuki mpaka mzee amalize kuulizia habari zote. Mbuke akawa anainama tu, mikono yote miwili kwenye fimbo. Mama akatuma maneno Geita: mkeo ananidharau.

Nkwabi akaja amefura. Asubuhi ile majirani walijaa uani, maana umbea kwetu hauhitaji mwaliko. Akamwambia mkewe: "Msalimie mama inavyopasa, au nakurudisha kwenu. Na Nyamizi anabaki hapa."

Hapo hapakuwa na mjadala. Ng'ombe wa mahari wakishatoka, mtoto ni wa upande wa baba. Mbuke akaeleza habari za dresa. Kaka akanigeukia.

"Eufrasia, wewe ndiye uliyekuwa naye. Dresa alimkataza kupiga magoti?"

Watu wote wakanitazama. Mbuke naye akanitazama, ametulia kabisa, kwa kuwa alijua nitasema.

"Alimpa dawa ya kuchua," nikasema. "Hilo la magoti mimi sikulisikia."

 Mbuke alimtazama Nyamizi, akaweka fimbo chini, akashuka. Goti la kwanza, halafu la pili, na uso wake ukabadilika rangi.

"Mwangaluka, mayu," akamsalimia mama.

Mama alikuwa na kigoda chake na asubuhi nzima mbele yake. Habari za nyumba? Mhola, akajibu Mbuke, ni nzima. Habari za mtoto? Mhola. Za shamba? Za pamba? Mama akaingia kwenye habari za zizi, akataja ng'ombe mmoja mmoja kwa rangi yake, mweusi, mwenye madoa, yule aliyevunjika pembe, na kila mmoja Mbuke akamjibia mhola, jasho likimdondoka kidevuni. Ng'ombe wakaisha. Mama akavuta pumzi amwachie. Mimi nikadakia:

"Mama, hujamuuliza habari za kuku."

Uwanja mzima ukacheka. Nilicheka kuliko wote. Mama akaulizia kuku, halafu vifaranga.

"Haya, inuka," akasema mwishowe.

Mbuke akajisukuma kwa mikono, akaanguka kifudifudi. Akajaribu tena, akaanguka tena. "Unanifanyia vituko mbele za watu?" kaka akafoka, na hakuna aliyemgusa. Tulimwacha pale juani mpaka akatambaa mwenyewe hadi mlangoni kwake. Kesho yake magoti yalikuwa yamevimba kama maboga, kusimama hawezi. Mama akasema, mke asiyesimama ni wa nini?

Nkwabi akafunga ng'ombe kwenye mkokoteni, wakampakia arudishwe kwao. Nyamizi alilia mpaka akatapika. Mimi ndiye niliyemshika asimkimbilie mama yake, na aliniuma mkono, nami sikumwachia. Mbuke akaniita nisogee. Hakuwa na hasira usoni. Heri angekuwa nayo.

"Wifi, ulisahau kweli?"

"Sikusahau," nikamwambia. "Nilichoka kuteka maji."

Akamtazama mtoto mikononi mwangu.

"Si ungeniambia," akasema. "Ningeteka."