Makapi Mlangoni kwa Stumai

Sauti ya Stumai haikuhitaji spika, lakini chama kilimpa spika mbili na gari la kuzibeba. Hapo ndipo ungemjua! Kampeni zilipoanza Nachingwea, mama huyu muuza vitumbua aliwaimbisha watu mpaka Ruangwa wakaja kumwazima.

Neno lililoshika katika wimbo wake lilikuwa moja: makapi. Wapinzani ni makapi ya ufuta, upepo ukivuma kidogo tu, hao. Akamtaja na Habibu, kada wa upande wa pili, kwa jina lake, na umati ukaangua kicheko.

Habibu alikuwa mtani wake. Koo zao zinataniana tangu enzi za mababu, na kwa miaka ishirini wameitana mabaya kuliko hayo penye karai la vitumbua. Stumai hakuona tofauti. Lakini utani ni wa ana kwa ana, mwenzio akujibu palepale. Kwenye spika atajibia wapi? Wiki haikuisha, vijana wa chama chake wakawa wanapepeta hewa kwa mikono kila Habibu akipita, na mkewe akisalimu sokoni haitikiwi. Habibu akaacha kuja kununua vitumbua. Stumai akajiambia, kampeni zikiisha nitampitia.

Kabla hazijaisha, mama yake akafariki.

Kwao mtani ndiye mwenye msiba. Hupora sahani ya wali, humsema marehemu mpaka wafiwa wacheke. Kumzika mtu bila mtani ni kama kumtupa, na Stumai asubuhi ile masikio yake yote yalikuwa mlangoni. Uani vijana wa fulana za chama walikuwa wamejaa. "Makapi hayatii mguu hapa," mmoja akasema. Neno lile lile alilolitunga mwenyewe likamchoma.

Jeneza lilipoinuliwa, Habibu akaingia na fulana ya chama chake, ungo mkononi. Akauweka kizingitini, akaukalia, akaziba njia. Kijana aliyesema akakunja ngumi.

"Bibi hatoki," Habibu akasema. "Mtoto wake kasema mimi makapi. Nipepeteni kwanza. Nikipeperuka, mzikeni wenyewe."

Watu wote wakamgeukia Stumai. Akikosea neno moja tu, watu watapigana mbele ya maiti ya mama yake. Akawapita wanawake wenzake, akashika ukingo wa ungo, akavuta. Akavuta tena. Habibu hakusogea hata kidogo.

"Makapi gani mazito hivi, mtani?" akauliza, machozi yakimtiririka.

"Vitumbua vyako hivyo. Mwezi wa pili huu, bado viko tumboni."

Wazee wakaanza kucheka, wanawake wakadakia, kicheko kikazunguka ua mzima. Stumai alicheka huku analia. Furaha ilimjaa kifuani siku ya msiba wa mama yake, wala hakuona haya.

"Nilikukosea, mtani. Kule kwenye spika hukuwa na pa kunijibu."

"Si nimejibu leo?" Habibu akainuka, akampa ungo wake, akaenda kutia bega mbele ya jeneza. Upande wa pili ulikuwa wazi.

Ngumi haibebi jeneza. Kijana yule akaifungua, akashika.