Zamu ya Usiku ya Sista Anyango

Iko siku moja ambayo haijanitoka, mwanangu. Nilikuwa kijana katika chumba cha habari pale Kisumu, na niliamini nimemkamata muuaji kwa hesabu.

Ng'ambo ya Luanda Kotieno, kivuko cha feri ziwani, kwenye kituo kimoja cha afya cha upande ule wa maji, akina mama walikuwa wakifa wakijifungua. Watu walinong'ona kwamba muuguzi mmoja, Sista Anyango, ndiye anayewamaliza. Wengine walimwita jajuok, yaani mchawi wa usiku, na nyumba yake ilikuwa imeshapigwa mawe. Nikaomba takwimu za akina mama waliotokwa damu wakijifungua, waliopona na waliokufa, zisizo na majina, nikazipanga kwenye kompyuta pamoja na zamu za wauguzi. Nyinyi siku hizi mnafundishwa mambo haya darasani. Sisi tulikuwa tukiyabahatisha, nami nilijiona fundi. Mchoro wa nguzo za vifo ulipotokea, niliduwaa. Nguzo ya Sista Anyango iliwapita wenzake wote kama mnara wa simu katikati ya vibanda. Nikajiambia, lisemwalo lipo.

Mhariri wetu, Mzee Odera, aliisoma habari yangu hadi mwisho. Akavua miwani.

"Auma, umemwona huyu mama?"

"Bado, Mzee. Nikimwuliza atakimbia."

"Basi hii haitoki. Unataka kummaliza mtu kwa gazeti, na hata sura yake huijui. Mnyonge mnyongeni, nyathina, lakini haki yake mpeni."

Nyathina ni mwanangu kwa Kijaluo, na Mzee alilitumia neno hilo pale tu alipoudhika.

Kesho yake nikavuka kwa feri ya mwisho, moyo umejaa kiburi. Nilimkuta Sista uani, mwanamke mnene, mpole, kandambili miguuni, akisugua shuka la mpira la chumba cha kujifungulia. Nilipomweleza kilichonileta, hakukana.

"Ni kweli, wamenifia mikononi," akasema. "Keti kwanza unywe chai."

Chai ile haikunyweka. Pikipiki ilimleta mama kijana, amebanwa katikati ya dereva na mumewe. Alijifungua salama, mtoto wa kike, na kwa kuwa hapakuwa na msaidizi mwingine, Sista akanikabidhi mimi nimshike. Kisha damu ikaanza kumtoka yule mama, na haikukoma. Sista alifanya kila alichofundishwa. Alimdunga dawa, akamkandamiza tumbo kwa mikono yake miwili, damu ikazidi. Mama alihitaji kuongezewa damu, na hospitali yenye damu ilikuwa ng'ambo. Feri ilikuwa imelala. Nikauliza habari za boti ya wagonjwa, ile iliyozinduliwa kwa ngoma na hotuba.

Sista hakuniangalia. "Iko hapo nje, kwenye nyasi. Injini ilichukuliwa kutengenezwa, haijarudi."

Mume alikimbia ufuoni kuwaomba wavuvi wamvushe mkewe kwa boti yao. Alipompata mwenye petroli na kurudi, mkewe alikuwa ameshakata roho.

Sikulia. Nilisimama tu, na kile kichanga kikitafuta titi kwenye blauzi yangu. Sista alimfumba macho yule mama, akanawa, akaja kumpokea mtoto taratibu.

"Ulikuja kujua nani anawaua," akasema. "Uliza pia wanaletwa saa ngapi. Wenzangu wana watoto wadogo, kwa hivyo usiku nimeuchukua mimi."

Kwenye takwimu zangu ilikuwepo safu ya saa. Nilikuwa nimeifuta, nikiona inajaza nafasi tu. Niliporudi Kisumu nikairudisha, nikaiweka kando ya ratiba ya feri, nikahesabu upya. Akina mama waliotokwa damu mchana walivushwa wakapona, hata wale waliohudumiwa na Sista Anyango. Wa usiku walikufa, hata zile siku chache alipokesha muuguzi mwingine. Nguzo ile ndefu ilikuwa ya maji yasiyovukika baada ya jioni.

Hiyo ndiyo habari tuliyochapisha. Wakubwa wa idara ya afya walikasirika, wakatuita wachochezi. Akina mama wa ufuoni nao wakaenda kuketi mlangoni pa ofisi yao na beseni zao za omena, wale dagaa wa ziwani, hadi harufu ikawashinda na injini ikarudi. Nisikudanganye, vifo havikuisha, ila vilipungua. Na waliokuwa wamempiga Sista mawe, hakuna hata mmoja aliyekwenda kumwomba radhi. Aliendelea na zamu yake.

Mwanangu, hadi leo naiogopa ile habari ya kwanza. Chukulia ingetoka. Sista angefukuzwa, au angechomewa nyumba na yeye yumo ndani. Usiku wa kituo kile ungebaki bila mtu, boti ingeendelea kuotewa na nyasi, na sisi huku mjini tungepeana mikono kwa kazi nzuri.

Kwa hivyo shika neno langu. Takwimu ni shahidi mwema, lakini hujibu kile tu ulichouliza. Ukiona zinakubaliana upesi na umbea wa sokoni, ogopa, kisha uliza tena kwa njia nyingine. Usifute usichokielewa. Na kabla hujaliandika jina la mtu, vuka maji ukaketi naye, uone anavyoishi na kazi yake. Akili ya kuambiwa changanya na yako, hata kama aliyekuambia ni mashine.

Mungu akupe subira ya kuuliza mara ya pili. Asiye na hatia asichafuke kwa mkono wako, na aliyekufa bila kutajwa apate kwako mtu wa kumsemea. Nenda, mwanangu, heri ikutangulie.