Makombe ya Mlimani

Mjomba wangu, mchoma chokaa wa Kigombe, alikuwa na imani moja: chokaa ya mawe hushika ukuta, lakini chokaa ya makombe ya pwani ndiyo ing'aayo. Basi miaka ile ya hamsini, msikiti wetu ulipojengewa mihrabu mpya, alikataa katakata kuipaka chokaa nyingine. Akasikia kwa mtani wetu mmoja, Mbondei mkata mkonge, kwamba mlimani kwao kuna makombe ndani ya miamba. Mimi nilicheka. Shule nilikaa miaka miwili tu, na ule wa pili nilikuwa nachunga mbuzi wa mwalimu, lakini hata mimi nilijua kombe halina miguu.

Tukaenda watatu, na punda wawili wa mtani, turubai, unga, na papa mkavu ambaye mtani alimlalamikia njia nzima. Kutwa na nusu kwa miguu: mkonge, kisha msitu, kisha genge, ukuta mrefu wa mawe meupe. Tukapiga kambi chini yake. Baridi ya kule niiache, nikianza kuieleza hatufiki. Mjomba alivaa kanzu mbili.

Asubuhi mtani akatuonyesha genge. "Haya, watu wa bahari, vueni."

Nikakwaruza udongo kwa panga. Kombe. Na jingine. Yamegeuka mawe, lakini mistari ni ile ile ya makombe tunayokanyaga pwani maji yakitoka. Nikageuka nikatazama chini. Bahari ilikuwa uzi tu, mbali kabisa.

"Nani kayaleta huku?" nikauliza.

"Aliyeyaleta hakuniaga," mtani akasema.

Mjomba alikaa chini kwenye udongo na kanzu zake zote mbili. "Maji yalikuwa hapa," akasema polepole. "Hapa tulipo."

Siku tatu tukasaka. Mjomba alianzisha lundo, akalisomea Fatiha, akatuambia kila kitakachotuliwa pale kwa bismillahi ni wakfu, mali ya msikiti. Ndivyo wafanyavyo wachoma chokaa kwetu, na kilichotuliwa hakiondolewi.

Siku ya tatu nilipanda juu peke yangu, ndipo nikaliona. Limejizungusha kama kata ya kichwani, pana kama sahani ya wali wa watu watatu, mbavu zake zote zipo, mzunguko ndani ya mzunguko mpaka katikati padogo kama tundu la sindano. Nimezaliwa ufukweni na sijaona mnyama wa namna ile. Nililikumbatia kama mtoto. Nilitaka liwe langu, likae chini ya kitanda changu, nilitazame mpaka nife.

Kulishusha ilikuwa kazi. Nilifika kambini mgongo unakatika, nikalitua palipokuwa karibu. Juu ya lundo.

"Mashaallah," mjomba akasema. "Mihrabu imepata."

"Hilo nimelipumzisha tu, mjomba."

"Ulipolitua ulisema nini?"

Nilisema bismillahi, kama asemavyo kila mtu anayetua mzigo. Nikamwambia.

Mtani akaangua kicheko. "Mwenzangu, hata mimi Mkristo naona umekwisha."

"Sikutia nia," nikasema.

Mjomba akapangusa udongo kwenye kanzu. "Nia yako Mola anaijua. Mimi najua lundo tu. Ukitaka, lichukue, mpwa wangu. Sitakushika mkono."

Afadhali angenigombeza. Niliweka kiganja juu ya lile jiwe, lilikuwa la baridi. Mtani hakucheka tena. Nikaondoa mkono, nikaenda kuwapa punda maji.

Tuliporudi Kigombe tulipanga magogo ya kuchomea chokaa, nikaomba niliweke mwenyewe, juu kabisa. Moto ulipokwisha lilikuwapo zima, jeupe kama mfupa, kila mzunguko mahali pake. Mjomba akanipa kopo la maji. "Mwagia wewe."

Nikamwaga. Likachemka, mvuke ukapanda, likaanza kufunguka kutoka nje kwenda ndani, mzunguko mmoja, halafu mwingine, kama kitu kilicholala mno kinachojinyoosha. Tulisimama pale mpaka likawa unga.

Alhamisi tukapaka mihrabu. Ijumaa nilikaa safu ya kwanza, na khatibu alihutubia nini siku ile, siwezi kukuambia. Macho yangu yalikuwa ukutani.